Ndoto Iliyokatwa kwa Mkasi

Wiki iliyopita nilirudisha mikro ya kazi, kipaza sauti changu cha miaka yote, na kijana aliyeipokea aliniuliza kama nina maneno ya kuwaachia. Nikamjibu kwamba maneno nimekuwa nayo mengi mno, ndiyo maana nimechoka. Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu vibaya. Basi, wenzangu wadogo, jibu zuri ni hili. Siku niliyopandishwa cheo siikumbuki, na mshahara wetu mnaujua, haufai kuandikiwa. Nitawaeleza jinsi nilivyoanza, na kosa moja nililolifanya mjini Baraka katika miaka ya hamsini ambalo nusura limpeleke mtu gerezani.

Nilikuwa msemaji wa sinema. Siku hizo filimu zilikuja kwetu zikisema Kifaransa au zikipiga muziki mtupu, na watu wa Fizi, wilaya yetu ya kando ya ziwa, walisema Kibembe na Kiswahili chao. Kwa hiyo ilibidi mtu asimame kando ya shuka jeupe, ameshika mikro, awaambie watu kinachotokea. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri, Kifaransa kilinikaa mdomoni, na sauti niliirithi kwa mama yangu, ambaye majirani walisema akiita watoto wake kijijini Lweba, watoto wa Baraka nao wanaitika.

Bwana wangu wa kazi alikuwa Papa Wilondja, dereva wa kamio, lori letu la kazi, na mwendesha mashine ya sinema. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole virefu kuliko kimo chake, na kitambaa laini cha kufutia jicho la mashine hakikutoka katika mfuko wa shati lake. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa jicho hilo. Picha yenye ukungu kwake ilikuwa aibu sawa na kutoka nje bila suruali.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Lubondja, kwa wakulima. Filimu ilifundisha kupanda pamba kwa mistari. Kwa woga nilisema yote niliyoyajua katika dakika tano, na filimu ilikuwa imebaki na dakika ishirini. Mtu wa kwenye shuka akawa analima, mimi nimesimama kimya na mikro yangu. Mzee mmoja akanionea huruma, akaanza kusema badala yangu: kwamba yule bwana ameshika jembe vibaya, kwamba udongo ule ni mkavu, kwamba mke wake yuko wapi wakati wa kazi. Watu walimsikiliza yeye kuliko mimi. Wakati wa kurudi Papa Wilondja aliniambia nisikimbie mbele ya picha. Picha ndiyo inayobeba mzigo, alisema, msemaji anatembea kando yake tu.

Alinifunza na mengine. Kunywa maji ya uvuguvugu. Usile ndagala, dagaa wetu, wa kukaanga kabla ya kazi, kwa sababu hakuna anayekuja sinema kukusikia ukikohoa. Usimtaje mtu yeyote aliyekaa mbele yako, hata kwa mzaha. Na neno "kumbe" litumie mara moja tu katika filimu nzima, pale ambapo wote wameshaamini jambo lingine; ukilisema mapema umewaharibia, ukilisema mara tatu hakuna anayegeuza kichwa. Mafundisho haya niliyaandika katika daftari. La tatu nililisahau siku niliyolihitaji.

Siku hiyo ilianza na sanduku. Tulikuwa tumengojea filimu ya kufundisha kuchimba choo. Papa Wilondja alipofungua sanduku akakuta bobini tano, magurudumu ya filimu, zenye maandishi ya Kiitalia, bila karatasi ya maelezo. Mtu fulani mahali fulani alikuwa amekosea sanduku, na labda mpaka leo kuna Wazungu wa mji fulani wanaojiuliza kwa nini waliitwa kuvaa vizuri ili waangalie choo. Wakati ule filimu za wezi hazikuruhusiwa kwetu sisi weusi. Wakubwa waliogopa tutajifunza kuiba, kana kwamba wizi ulikuwa unangojea sinema. Lakini administrateri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa safarini milimani, na ruhusa ilikuwa imeshaandikwa: filimu ya choo, Baraka. Papa Wilondja aliitazama ile ya Kiitalia peke yake ukutani, bila kufungua sauti, akasema ina motokari, polisi, na mke anayegomba, sasa watu wanataka nini zaidi.

Kisha akafanya jambo la uangalifu, na ndilo lililotuponza. Katika bobini ya pili alikuta vipande viwili ambavyo picha yake ilikuwa na ukungu mzito. Akadhani unyevu umeiharibu filimu. Yeye hakuwa mtu wa kuwaonyesha watu wa Baraka picha chafu, basi akachukua mkasi, akavikata vile vipande, akaunganisha filimu kwa gundi vizuri kabisa. Vipande akavitia katika kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa pia hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mimi hakuniambia. Alikuwa amesafisha tu. Mtu hatangazi kwamba ameoga.

Sasa mjue Baraka ilikuwaje wiki hiyo. Bwana Salumu, mwenye duka na mashua mbili, alikuwa ameibiwa cherehani. Zamu wake, ndivyo tunavyomwita mlinzi, mzee Alimasi, alisema alimwona kwa macho yake Fundi Ramazani akifungua mlango wa duka kwa ufunguo karibu na alfajiri na kutoka na cherehani kichwani. Ramazani alikuwa fundi pekee wa kufuli na baiskeli kwetu, mtu mpole wa swala tano. Alikana. Lakini nani mwingine angeweza kufungua kufuli bila kuivunja? Baraza la chifu lilipanga kumsikiliza siku ya Alhamisi. Akishindwa, ni gereza la Uvira, na hata akirudi, hakuna ambaye angempa tena kufuli yake mkononi.

Jumatatu tukafunga shuka letu kwenye uwanja wa karibu na soko. Waislamu walikuja baada ya magharibi, Wakatoliki walikuwa wameshakaa mbele, na mchungaji wa Kiprotestanti alikaa nyuma kabisa ili asionekane akicheka. Filimu ikaanza. Na mtu wa kwanza kuonekana kwenye shuka alikuwa fundi wa kufuli, mwembamba, mwenye mustachi, ameshika tita la funguo.

Watu wote wakapiga kelele: "Ramazani!"

Ramazani mwenyewe alikuwa pale, amekaa kwenye kigoda chake, na mke wake, Mama Zaina, kando yake. Mimi nilikuwa kijana, na kelele za watu ni tamu. Nikasema kwenye mikro, kwa Kiswahili chetu ambacho "ndiye" huwa "njo": "Ndiyo, bandugu, huyu njo fundi wetu." Wakacheka. Kicheko kile kilinilevya. Kila mara fundi wa filimu alipotokea nikamwita fundi wetu. Akala chakula na mkewe. Mara tukamwona barabarani, anatembea taratibu, anafungua mlango wa chuma wa tajiri muuza dhahabu, anatoka na mkufu. Nikasema: "Angalieni fundi wetu, anaiba." Mara yuko tena nyumbani, anamsimulia mke wake huku akicheka. Nikasema: "Anajisifu sasa." Polisi wakaja wakamkamata, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Niligeuka kuwatazama wanaonipigia makofi, nikamwona Ramazani amesimama. Alikichukua kigoda chake, akamshika Mama Zaina mkono, wakapita katikati ya watu. Mtu mmoja akamwambia arudishe mkufu. Niliona haya ambayo sijapata kuiona tena maishani, na bado nikaendelea kusema, kwa sababu filimu ilikuwa inaendelea. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Asubuhi yake alitujia padri mmoja Mwitalia, mgeni katika misheni. Alikuwa ameisikia lugha yake ikitoka sokoni, akadhani ana homa. Alituomba tumwonyeshe kidogo tu. Tukaziba madirisha ya stoo ya misheni kwa mablanketi, tukampigia bobini ya pili. Alicheka mpaka akatoa miwani. Lakini fundi alipofika kumsimulia mke wake, padri aliuliza kitu kimekatikia wapi. Nikamwambia hakuna kilichokatika, huyu mtu ameiba na sasa anajisifu. Padri akatikisa kichwa. Kwa Kiswahili chake cha kitabuni akanieleza kwamba fundi anamwambia mkewe: nimelala kitini baada ya chakula, nimeota nimeiba. Wizi unakuja baadaye, wa mtu mwingine, na kwa kuwa fundi aliisimulia ndoto yake mji mzima, anakamatwa yeye.

Nikageukia mashine. Papa Wilondja alikuwa ameshatoka. Alirudi na kopo la maziwa, akafungua kile kipande cha kwanza akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Fundi alikuwa amefumba macho kitini, na ukungu unamfunika. Kipande cha pili, ukungu unaondoka, na mke anamtikisa bega.

"Ni miye njo nilikata ndoto," alisema. Mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akikosea bolti moja, aliketi juu ya sanduku akashika kichwa.

Nilikwenda kwa Ramazani siku ileile. Nilimkuta na baiskeli moja tu. Kufuli hakuna aliyekuwa akileta. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha kwa kupiga magoti. Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Aliendelea kukaza spoki, kisha akasema: "Ile 'fundi wetu' ulisema na mikro, ikasikilika mpaka kule kwa bavuvi. Sasa unaniomba musamaha humu ndani ya nyumba. Nani atasikia?"

Hilo nalo liandikeni katika madaftari yenu. Kosa la mikro halirekebishwi kwa kunong'ona.

Nikaenda kwa chifu kuomba tuonyeshe tena Jumatano, kabla ya baraza. Alikataa. Aliogopa fujo, na tena alisema filimu ya choo imemshangaza sana kwa uchache wa vyoo. Nikarudi jioni na padri upande mmoja na Papa Wilondja upande mwingine. Mwisho chifu akakubali, kwa sharti kwamba maneno ya kwanza kwenye mikro yawe ni aibu yangu mwenyewe.

Jumatano uwanja ulijaa kuliko Jumatatu. Watu walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka Lweba, na mitumbwi ilikuwa imeshuka kutoka Swima. Ramazani alikuja, akakaa pembeni, bila kigoda. Nikashika mikro. Nikasema kwamba Jumatatu nilimwita mtu mwema mwizi ili mcheke na mnipende; kwamba yule wa kwenye shuka si fundi wetu; na kwamba hata yule wa kwenye shuka nilimsingizia. Hakuna aliyepiga makofi, na nilishukuru.

Papa Wilondja alikuwa ameshavirudisha vipande vyake mahali pake. Fundi akala, akakaa kitini, ukungu ukaja. Watu wakaanza kulalamika: "Papa Wilondja, safisha!" Nilijua kelele hizo zilivyomuuma, lakini mkono wake ulibaki kifuani, juu ya mfuko wa kitambaa. Nikalaza shavu langu juu ya kiganja mbele ya mwanga wa mashine, kivuli changu kikaonekana kwenye shuka, nikawaambia taratibu: "Muache. Amelala. Tuko ndani ya ndoto yake."

Waliosimama wakakaa. Na kwa kuwa sasa walijua, waliona mambo ambayo Jumatatu hakuna aliyeyaona, hata mimi. Fundi alipita mbele ya mbwa, mbwa akainua kichwa, hakubweka. Alifika kwenye mlango wa chuma, mlango ukafunguka wote, na hakuna sauti iliyosikika ila filimbi ya muziki wa filimu. Mama mmoja, muuza mihogo, akauliza kwa sauti mulango ya chuma inafunguka namna gani bila kulia, maana ya Bwana Salumu inaamsha kijiji kizima kabla ya jogoo. Watu wakacheka, na Bwana Salumu mwenyewe akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mlango wa duka lake ulikuwa ukilia kama mbuzi anayechinjwa, na mafuta aliona ni hasara.

Ukungu ukaja tena, mke akamtikisa fundi bega. Hapo nikalitoa lile neno langu moja. Nikasema: "Kumbe!" Sikuongeza kitu, na kicheko kilichotoka kwenye uwanja ule bado kiko masikioni mwangu.

Mtu mmoja hakucheka. Asubuhi ya Alhamisi, tunakunja nyaya, mzee Alimasi alikuja kusimama kando ya kamio. Alizunguka magurudumu mara mbili kama anataka kulinunua. Mwishoni akasema: "Mwanangu, mi naapa niliona Ramazani na macho yangu. Lakini tangu jana minajiuliza. Ile mulango, mi sikuisikia kulia."

Nikamuuliza kama mbwa anayelinda duka pamoja naye alibweka. Hakubweka. Nikamuuliza Ramazani alivaa nini. Akasema kanzu nyeupe mpya, inang'aa. Ramazani hakuwa na kanzu mpya tangu nimjue. Mzee akaketi chini pale vumbini. Nilimwelewa: kukubali kwamba aliota ni kukubali kwamba alilala, na zamu anayelala hana kazi. Wanasema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, lakini huyu alikuwa amejiamsha mwenyewe, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Nikamwambia nitakwenda naye barazani na nitasimama karibu yake, kwa kuwa siku ile tulikuwa mashahidi wawili wa uongo, tofauti yetu mikro tu.

Barazani chifu alimwuliza Alimasi aliona nini. Alisimama, kofia mkononi, akasimulia yote kama alivyosimulia mwanzo, kisha akaongeza lile la mlango. Watu waliguna. Chifu akauliza kama anataka kusema kwamba alilala.

"Nililala, Bwana Chifu," alisema. "Nililota. Ramazani hana kosa, ni mi iko na kosa."

Chifu akainuka na baraza zima likamfuata mpaka dukani kuusikia mlango wenyewe. Mlango ulifunguliwa, ukalia mpaka watoto wakaziba masikio. Wakaingia kutafuta njia nyingine ya mwizi, wakasogeza magunia ya chumvi ya ukuta wa nyuma. Matofali manane ya udongo yalikuwa yametolewa na kurudishwa, na udongo wa kuyashika ulikuwa mbichi kuliko wa ukuta mwingine. Mwizi hakuwa na haja ya ufunguo wa mtu yeyote. Cherehani yenyewe ilikuja kuonekana Swima miezi baadaye, inashona magauni ya harusi bila wasiwasi, na aliyeiuza alikuwa ameshavuka ziwa.

Nisiwadanganye, nililia. Papa Wilondja alilia pia, akasema ni vumbi la udongo. Mama Zaina alipiga vigelegele peke yake kwanza, kisha wanawake wa soko wakampokea, na Ramazani akapelekwa nyumbani amezungukwa na watu waliokuwa wakitafuta wote kumshika mkono kwa wakati mmoja. Bwana Salumu hakumfukuza Alimasi. Alimhamishia kazi ya mchana, akisema mchana hata akiota, wateja watamwamsha. Na kabla jua halijazama kufuli sita zilikuwa zimefika kwa Ramazani, nyingine hazikuwa na ubovu wowote.

Bwana Salumu ndiye aliyetuomba filimu irudiwe Jumamosi. Kwenye karatasi za teritwari, yaani za wilaya, kwa hiyo, watu wa Baraka waliangalia filimu ya choo mara tatu kwa wiki moja, na administrateri aliporudi aliwasifu kwa kupenda usafi.

Jumamosi Ramazani alikaa mbele, katikati, kwenye kiti cha chifu, kwa amri ya chifu. Alikuwa wa kwanza kucheka. Polisi walipomkamata fundi wa filimu alicheka mpaka Mama Zaina akampiga begani. Sasa, mwisho wa filimu ile ulikuwa hivi. Fundi ameachiliwa, yuko kitandani, asubuhi, mkewe anamwita aje anywe kahawa. Anatabasamu, anaingiza mkono chini ya mto, anautoa umefumbwa. Filimu inaisha hapo. Hujui kama ndani ya mkono kuna mkufu, hujui kama bado anaota. Mara mbili za kwanza watu walikuwa wameondoka wakigombana juu ya mkono huo.

Na Jumamosi wakaanza tena. Wengine wakasema mkufu umo, wengine hakuna. Wakaniita niamue, kwa kuwa mimi ndiye msemaji. Nilitazama mikro yangu, kisha nikashuka nikampa Ramazani. Hakuwahi kushika mikro. Aliigeuza huku na huku kama kufuli ya aina mpya, kisha akaisogeza mdomoni.

"Muliona mukono," alisema. "Hamukuona kitu ndani. Mumuache akunywe kahawa yake."